Pale Bondeni Betri Zilipokufa

Chuma kilichokuwa ndani ya mguu wa Selemani tulikitoa kwenye tope, skrubu zake zote zikiwa zimekaa kwenye matundu yake, na hapakuwa na mfupa. Hapakuwa na jino, wala kipande cha nguo. Kilikuwa chuma kitupu, kisafi, kama kimetoka kwenye kabati la hospitali asubuhi ileile.

Naanza na hilo kwa sababu halina ubishi. Tuliokuwa pale tulikuwa watatu, wote tuko hai, na kila mmoja alikishika kwa mkono wake. Yanayobaki niliyaona peke yangu, nami nayaandika kwa utaratibu yalivyotokea. Ukitaka utaniamini, ukitaka utaacha. Ila usiniambie kwamba niliota. Ilikuwa mchana, jua limewaka, na nilikuwa nimeshika mita ya kupimia umeme. Nani anaota huku anasoma volti?

Mie ni fundi wa redio na simu hapa Bungu, barabarani. Natengeneza pia taa za sola na spika za misikitini. Siku moja aliingia dukani kwangu mtu mmoja aitwaye Shamte, mkulima, mwembamba, mwenye maneno mengi, amebeba begani mashine ya kutafutia chuma. Ni ile yenye fimbo ndefu na sahani chini. Unaipitisha juu ya ardhi, ikinusa chuma inalia. Alikuwa ameiazima kwa vijana wanaokusanya vyuma chakavu.

"Fundi, hii mashine inanichezea," alisema.

"Inakuchezea vipi?"

"Huku juu inalia kama mbuzi. Nikishuka nayo bondeni, kimya. Imekufa kabisa. Nikirudi nayo huku, inalia tena."

Niliifungua kwenye kisanduku cha betri nikacheka. Alikuwa amebandika karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile ya kung'aa, kuziba springi iliyolegea. Karatasi ilikuwa imeteleza ikaunganisha chanya na hasi.

"Nani kaweka hii?"

"Si springi ilikuwa haigusi, fundi? Nikaibana."

"Hukubana hapa, umepiga shoti. Na hizi betri umezianika juani, siyo?"

"Juu ya bati. Siku mbili."

"Ukazichanganya na mpya."

"Ah! Sasa weye unajua yote, mbona hujaniroga bado?"

Mambo hayo kwetu ni ya kawaida. Betri ikichoka inaanikwa, springi ikilegea inawekewa karatasi ya sigara, na watu wanaendelea na maisha. Nilisafisha kutu kwa ndimu, nikabadilisha springi, nikafuata waya mpaka kwenye sahani nikakuta umechubuka, maji yameingia na shaba imegeuka kijani. Nikaufunga upya, nikaumwagia gundi. Nikaijaribu juu ya nati na juu ya misumari, ikalia vizuri.

Nilipomkabidhi nikamtania, "Haya, kazitafute hizo rupia za Mjerumani, ukizipata usinisahau."

Hakucheka. "Namtafuta kaka yangu," alisema.

Ndipo akanieleza. Msimu wa mafuriko kaka yake, Selemani, alikuwa bondeni akilinda mpunga. Alikuwa kwenye dungu, kile kibanda tunachokijenga juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, mtu analala humo mpaka mavuno. Maji ya mto yakaja kwa mara moja. Walioyakimbia walisema waliona dungu la Selemani likiinama, kisha hawakuliona tena. Maji yalipopungua, bonde lote lilikuwa limebadilika. Mto mdogo ulihama, mchanga ukafunika majaruba, na hakuna aliyeweza kusema shamba la nani lilikuwa wapi. Maiti ya Selemani haikuonekana.

Lakini Selemani alikuwa na chuma mguuni. Alianguka na bodaboda zamani, akavunjika mguu wa kulia, hospitali wakamtia bamba la chuma na skrubu. Alipona akawa anachechemea. Shamte aliwaza kwamba kama mwili umefukiwa, chuma hicho kitaitikia mashine. Nilimwona ni mtu mwenye akili.

"Ukishampata mtamzika," nilisema.

"Tutamzika, na shemeji yangu atakaa eda. Hilo ndilo kubwa, fundi. Sheikh anasema hakuna maiti, hakuna shahidi aliyemwona anakufa. Sasa mwanamke yupo tu."

Alirudi baada ya siku chache. Mashine imekufa palepale. Nikaifungua tena, sikuona kosa. Nikaweka betri nyingine, ikalia. Akaenda, akarudi. Safari hiyo aliingia dukani wateja wakiwapo, akasema kwa sauti, "Ufundi wa hapa Bungu unaishia hapahapa Bungu. Ukivuka mnazi wa mwisho, basi!" Watu walicheka. Mie sikucheka. Nilifunga duka, nikachukua mita yangu, bisibisi na betri mpya zikiwa bado kwenye kifungashio chake, nikamwambia, "Twende. Nataka kuiona ikifa kwa macho yangu."

Tulishuka kwa bodaboda mpaka barabara ilipoishia, kisha tukatembea. Zuhura, mke wa Selemani, alikuwa ametutangulia. Tulimkuta ukingoni mwa bonde amekaa kwenye kipande cha mkeka, kapu la chakula na dumu la maji pembeni. Ni mwanamke mwenye umri wa kati, mtulivu, anayemtazama mtu usoni anapozungumza. Alikuwa amejifunga kanga ambazo zimepauka mpaka huwezi kujua zilikuwa za rangi gani.

"Karibu, fundi," alisema. "Shemeji anasema una dawa ya mashine."

"Nna dawa ya mashine, ya Shamte sina."

Alitabasamu kidogo. Halafu akasema bila mimi kumuuliza, "Mie hapa nilipo si mke wala si mjane. Nikivaa nguo ya rangi, mama mkwe ananitazama. Nikivaa nyeupe, ananitazama zaidi, anasema namwombea mwanawe kifo. Nikicheka kosa, nikilia kosa. Nimpate tu, fundi. Hata mfupa mmoja. Nijue nakaa upande gani."

Maneno hayo niliyabeba bondeni.

Sasa nifuatilie vizuri. Pale ukingoni niliijaribu mashine ikaita. Tulipotembea ikanusa jembe lililofukiwa, kisha mfuniko wa sufuria. Tulielekea kwenye matete, mahali ambapo mashine huwa inakufa. Tulipokaribia, sauti yake ilianza kuchoka, kama redio inayoishiwa, ikazima. Shamte akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Nilifungua kisanduku. Betri zilikuwa za moto, za kuunguza vidole. Hiyo ni dalili ya shoti. Nikazitoa zote, nikazipima moja moja zikiwa mkononi, haziguswi na waya wowote. Mita yangu, ya mshale, isiyohitaji betri kusoma volti, ikasoma karibu na sifuri. Nikafungua betri mpya, nikazipima. Hivyohivyo. Nikarudi nyuma hatua kadhaa na zilezile mkononi, namba zikaanza kupanda, mpaka zikajaa. Nikasonga mbele zikashuka. Nikarudi zikapanda.

Niamini, nimefanya kazi hii miaka mingi. Betri iliyokufa haifufuki kwa kurudi nyuma. Na betri ambayo haijaunganishwa na kitu haipigi shoti. Ilikuwa kana kwamba chanya na hasi zinakutana mahali fulani nje yake, mahali nisipopaona. Nilitoa simu yangu nipige picha ya mita, ikazima mkononi. Ndiyo maana sina picha, kabla hujaniuliza.

Shamte alisema anakwenda kuswali na kula kwanza, nikamwambia atangulie. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua. Kama namba zinashuka nikienda mbele, basi kuna mahali zinashuka zaidi kuliko kote, na mahali hapo ndipo penye kosa. Tunavyotafuta shoti kwenye nyumba ni hivyohivyo, unafuata waya mpaka unakuta palipoungua. Nikaifuata mita. Nilipita kwenye matete, nikatokea upande wa pili kwenye uwanja wa tope lililokauka juu na kupasukapasuka. Pale katikati palikuwa na dungu.

Lilikuwa jipya. Nyasi za paa bado za kijani, nguzo zimenyooka, ngazi imefungwa kwa kamba. Juu yake alikaa mtu aliyevaa kofia pana ya ukindu, anavuta kamba. Unazijua kamba za kufukuzia ndege, zinazofungwa makopo ili yagongane? Alikuwa anavuta hiyo, na makopo yalikuwa yanalia kila upande wa uwanja.

Mpunga haukuwapo. Nilitazama tena kuhakikisha. Lilikuwa tope tupu, hakuna hata bua. Na hewani hakukuwa na ndege.

"Hawana adabu mwaka huu," yule mtu alisema kutoka juu. "Ukigeuka tu, wameshuka."

Nilisema, "Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Weye fundi?"

Nilidhani ameiona mita. "Ndiyo, fundi."

"Basi Mungu kakuleta. Tochi yangu imekufa tangu maji."

Alishuka. Alishuka ngazi akiwa ameangalia mbele, hakushika kitu, mguu huu, mguu huu, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba ya saruji. Alitembea mpaka nilipo, wima kabisa. Niliitazama miguu yake kwa sababu tope lilikuwa la kuteleza na nilitaka kuona anakanyaga wapi. Ilikuwa miguu mizuri, imenyooka, haina kovu.

Akanipa tochi. Ni zile ndefu za bati, za zamani. Ilikuwa baridi kwenye jua lile. Nilifungua kizibo cha nyuma, yakamwagika maji. Nikaiinamisha yamalizike. Hayakumalizika. Yalimwagika mpaka yakatengeneza kidimbwi miguuni kwangu, yakafuata nyufa za tope, na bado yakawa yanatoka, maji ya mto, ya kahawia, yenye harufu ya majani yaliyooza. Tochi ile ingejaza kikombe kimoja tu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unakufa ganzi, na sikuthubutu kuiachia, kwa sababu yeye alikuwa amesimama karibu sana na alikuwa ananisubiri.

Halafu maji yakakatika. Nikafanya nilichokijua. Nikatia betri zangu mbili mpya, zilezile ambazo mita ilisema hazina kitu, nikafunga, nikabonyeza.

Ikawaka. Niliuona mwanga wake mchana ule, juu ya tope, mweupe kuliko jua.

"Eh!" alisema, akaipokea. "Sasa naona."

Akaielekeza upande nilikotoka. "Kule ukingoni nani?"

"Ni Shamte na shemeji yake."

"Wanatafuta nini?"

"Maiti ya Selemani."

Makopo yalikuwa bado yanagongana, na kamba haikuwa mkononi mwa mtu. Akapiga chini mara moja kwa kisigino cha mguu wake wa kulia.

"Waambie wachimbe hapa. Wakishachukua, wasirudi tena kunipigia kelele."

"Nitawaambia."

"Na mwambie mwanamke asikae juani."

Nilichomeka bua la tete pale alipokanyaga. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaikaribia ngazi, amenipa mgongo. Nikaondoka. Sikukimbia, nakwambia kweli, kwa sababu niliogopa nikikimbia naye atakimbia. Makopo yaliniandama mpaka nilipoingia kwenye matete, yakanyamaza ghafla, kama mlango uliofungwa.

Zuhura alikuwa amekaa juani. Kivuli kilikuwa kimehama, mkeka haukuhama. Kutoka lilipokuwa dungu, matete yanaziba ukingo wote. Mtu hawezi kumwona aliyekaa pale. Nilihakikisha hilo baadaye.

Niliwaambia kwamba kuna mzee wa shamba ameonyesha mahali pa kuchimba. Shamte akasema, "Mzee gani? Upande ule hakuna aliyelima mwaka huu." Tukaenda wote watatu. Tulipotoka kwenye matete, uwanja ulikuwa palepale, nyufa zilezile, kidimbwi kile cha maji bado hakijakauka, na bua langu limesimama. Dungu halikuwapo. Sisemi lilikuwa limebomolewa. Hapakuwa na nguzo, wala tundu la nguzo, wala unyasi mmoja. Kwenye tope laini palikuwa na nyayo za mtu mmoja, kwenda na kurudi, na nilipoweka kiatu changu juu yake kikaingia sawasawa.

"Fundi, mbona unapima nyayo zako mwenyewe?" Zuhura aliuliza.

Shamte aliwasha mashine bila hata kutazama betri. Ikalia. Ikalia kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia, kabla sahani haijafika kwenye bua. Akatupa mashine, akaanza kuchimba, kwanza kwa jembe, kisha kwa mikono. Shimo lilipomfikia mapajani akainuka na kile chuma.

Tulichimba mpaka jua lilipoanza kulala. Tulichimba kila upande. Nimeshasema tulichopata na tusichopata.

Zuhura alikuwa na picha ya mguu, ile karatasi nyeusi ya hospitali inayoonyesha mifupa. Ilinusurika kwa sababu aliiweka nyumbani chini ya godoro. Kwenye picha, skrubu ya tatu imeingia upande, haikunyooka kama nyingine. Kwenye chuma, skrubu ya tatu ilikuwa imeinama upande uleule. Tulikipeleka kwa mganga wa zahanati, akakigeuza mkononi na kusema kwamba kitu hicho hakitoki mguuni mpaka mguu ufunguliwe.

Siku ya pili, nikiwa nimeshawaeleza nyumbani kwao nilichokiona, tulikaa barazani kwa mama yake Selemani. Sheikh wa mtaa alikuwapo, mtu mpole, anayefikiri kabla ya kuongea. Chuma kilikuwa katikati ya mkeka kwenye kitambaa cheupe. Shamte alisema mambo yamekwisha, kaka yake amekufa, ushahidi huo hapo. Mama, bibi mdogo wa umbo, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akampigia kelele.

"Amekufa wapi? Fundi si kamwona? Si kasema kashuka ngazi bila kuchechemea? Mwanangu kapona! Mungu kamtoa chuma, kamponya mguu, weye unataka kumzika!"

"Mama, kapona halafu kaenda wapi? Kaenda kulinda ndege wa tope?"

"Usinijibu hivyo, Shamte!"

Sheikh aliinua mkono. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, uliona mtu?"

Nikaeleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Mama akaleta picha ya Selemani, ya siku ya harusi ya ndugu yao, amevaa kanzu, anacheka. Wote wakanitazama mie badala ya picha.

Hapa ndipo pagumu. Nilikumbuka miguu. Nilikumbuka mikono, tochi, kamba, fundo la kamba kwenye ngazi. Ukiniambia nikuchoree kofia yake nitakuchorea. Uso sikuushika. Kofia ilikuwa imeshuka, jua lilikuwa nyuma yake, na mie nilikuwa natazama maji. Nilisema kweli: anaweza kuwa yeye, anaweza asiwe yeye.

Zuhura akaniuliza, "Ulisema aliniita nani?"

"Alisema, mwambie mwanamke asikae juani."

Akatikisa kichwa. "Selemani hajaniita mwanamke hata siku moja." Kisha akaongeza, "Lakini juani hakutaka nikae."

Sheikh alisema chuma si maiti, na kwamba akisema amekufa huenda anamwoza mke wa mtu, na akisema yu hai huenda anamfunga mjane kwa maisha yake yote. Alisema ataliuliza swali hilo kwa wakubwa zake. Zuhura akainuka. "Mie nimechoka kukaa katikati," alisema. Usiku huo alivaa nyeupe. Hakuna aliyempa ruhusa, na hakuna aliyemvua. Alikaa eda yake yote, hakutoka, mama mkwe akiwa upande wa pili wa ukuta akimwekea mwanawe sahani ya chakula kila jioni.

Kwangu mie yamebaki mawili. Bondeni sishuki tena. Na mkono wangu wa kulia haukai na saa. Saa yoyote ya betri, nikiivaa mkono huo, inasimama kabla sijamaliza chai. Nikiihamishia kushoto, inaendelea. Wateja wangu wamekuwa wakileta saa zao kujaribu, na mwanzoni walikuwa wanacheka. Nimeubadilisha utaratibu wangu: napima kwa kushoto.

Sasa nikuonye wewe unayesoma. Hizi mashine za kutafutia chuma zimekuwa nyingi, na kila maji yakipungua watu wanaingia bondeni nazo. Mashine ikizima, fungua kisanduku. Kama kuna karatasi ya sigara, itoe, cheka, endelea. Lakini ukitoa betri ukakuta ni za moto na hazijaunganishwa na kitu, rudi ulikotoka. Usifuate namba kama nilivyofuata mie. Na kama umeshachelewa, na mtu ameshakusalimu, acha kutazama miguu yake na vitu alivyoshika. Mtazame usoni, mtazame mpaka umkariri. Atakuja mtu kukuuliza.

Maana mwezi huu amekuja mwanamume kutoka Ikwiriri, seremala aliyefiwa na mkewe, anamtaka Zuhura. Jibu la wakubwa wa sheikh halijafika. Mama mkwe ameapa kwamba atasimama mlangoni siku ya ndoa aseme mwanawe yu hai, na shahidi ni fundi wa Bungu. Sheikh ameniita tena. Anasema hataki maelezo safari hii, anataka neno moja mbele ya mashahidi: nilichozungumza nacho bondeni kilikuwa mtu, au hakikuwa mtu. Nikisema mtu, hatafungisha ndoa. Nikisema si mtu, atafungisha, na dhambi ikiwapo ni yangu.

Zuhura mwenyewe alipita dukani. Hakukaa. Alisema, "Fundi, usiseme linalonifaa. Sema ulichokiona."

Ndoa ni Ijumaa baada ya swala. Leo ni Jumatano. Jana wanawake walikwenda kumpaka hina. Amewapa mkono mmoja, wa pili amekataa mpaka nijibu.